Sura ya Tano: Mzee Aliyelea Watu, Tumwandike Vipi?

"Mzee ametutoka usiku wa kuamkia leo, mazishi ni Jumamosi. Sasa wasifu tunauandikaje?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote katika kazi hii ya kusaidia familia kuandika habari za watu wao. Anayeuliza mara nyingi ni mtoto wa kati, au mjukuu aliyemaliza chuo, ambaye kamati ya msiba imempa kazi hiyo kwa kuwa "wewe ndiye unayejua kuandika". Yuko chini ya turubai, watu wanaingia na kutoka kutoa pole, shangazi anamwita aje asalimie wageni, na ukurasa ulio mbele yake bado mtupu.

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu. Katika misiba ya Kikristo husomwa hadharani siku ya mazishi, na mara nyingi huchapwa kwenye karatasi yenye picha ya marehemu upande mmoja na ratiba upande wa pili. Waislamu huzika upesi, siku ileile au kesho yake, na makaburini hapana kusoma karatasi. Hata hivyo nao hukumbushana habari za mzee wao barazani siku za matanga, na kwa wanaosoma hitima, yaani kukusanyika kusoma Kurani na kumwombea marehemu, huwapo mtu wa kusimama na kumweleza. Kwa hiyo swali ni la wote, na linakuwa gumu zaidi pale marehemu alipokuwa mtu wa aina moja mahususi: mzee aliyeishi miaka mingi, akashika dini yake, akakuza watoto wake, na juu ya hayo akalea vijana wa watu.

Karatasi inayosomwa msibani

Karatasi yenyewe tunaijua. Mzee alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi, akaendelea na shule ya kati, akaajiriwa, akahamishwa hapa na pale, akastaafu. Alifunga ndoa. Alikuwa mcha Mungu, mcheshi, mpenda watu. Alianza kuugua, akapelekwa hospitali hii na ile. Ameacha mjane, watoto 6, wajukuu 19 na vitukuu 4.

Hakuna uongo hapo. Lakini tazama watu waliosimama nyuma, nje ya viti vya ndugu. Wapo wanaume wa makamo ambao familia haiwafahamu. Mmoja amepanda basi usiku kucha. Mwingine ni fundi wa magari, amekuja na nguo za kazini kwa sababu habari imemkuta gereji. Wanalia kuliko wanandugu. Hawa ni vijana aliowafundisha mpira kwenye kiwanja cha shule, waliokaa kwake wakati ada imekwama, walioshika loho mbele yake madrasani, walioimba kwaya chini ya mkono wake. Karatasi imesomwa mwanzo hadi mwisho, na wao hawamo.

Sababu si kwamba familia haiwapendi. Ajira ina barua, ndoa ina cheti, ugonjwa una faili. Kulea kijana wa jirani hakuna cheti. Hakuna ofisi iliyoandika kwamba jioni ya siku fulani mzee alimkuta mtoto anavuta bangi nyuma ya soko, akamshika mkono, akaenda naye nyumbani akala naye. Mwandishi wa wasifu hufuata karatasi zilizomo kabatini, na kabatini jambo kubwa kuliko yote halimo.

Maoni yangu ni haya: ukitaka kumwandika mlezi, usianze na makabati yake. Anza na watu aliowalea.

Kanuni ya zamani ya wanavyuoni

Watu wa pwani walikwisha kulijua hili. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, anajulikana zaidi kwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili na kwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini aliifanya kazi nyingine yenye thamani kubwa. Alikusanya habari za wanavyuoni, yaani wataalamu wa dini, wa Afrika Mashariki, akaziandika kitabu. Ukikisoma utaona mambo mawili yanarudi kwa karibu kila mtu anayetajwa: alisoma kwa nani, na nani walisoma kwake.

Kwa wanavyuoni huo ni utaratibu wa tangu zamani. Elimu ya dini hupokewa mdomo kwa mdomo, na anayefundisha hudaiwa aseme aliipata wapi. Mnyororo huo wa walimu huitwa sanadi. Mtu asiye na walimu hana sanadi, na asiye na wanafunzi mnyororo wake umekatikia hapo. Cheo alichokuwa nacho serikalini, nyumba aliyojenga, safari alizosafiri, vyote hutajwa ikiwa vipo, lakini havichukui nafasi ya yale mawili.

Naona kanuni hii inafaa kutoka msikitini na madrasani iende kwa kila mlezi. Mwalimu wa kwaya alijifunza kwa nani kusoma sauti, na leo nani wanaongoza kwaya kwa sababu yake? Fundi seremala alishikwa mkono na nani, na karakana zipi mjini zina watu waliotoka kwake? Kiongozi wa skauti, mama wa shule ya Jumapili, kocha wa timu ya mtaa: wote wana walimu nyuma yao na wanafunzi mbele yao. Ukiyaandika hayo mawili tu, ukaacha mengine yote, tayari wasifu wako umeshinda karatasi nyingi zinazosomwa kila Jumamosi.

Mtu wa Langoni

Mfano wa maisha ya namna hii unaojulikana sana ni wa Habib Saleh wa Lamu. Jina lake kamili ni Saleh bin Alwi Jamal al-Layl. Alitoka Ngazija akiwa kijana, akaja Lamu, akakaa huko mpaka alipofariki katikati ya miaka ya 1930, mzee wa umri mkubwa.

Lamu ya wakati ule ilikuwa na tabaka zake. Familia kongwe zilikaa Mkomani, kwenye nyumba za mawe, na elimu ya juu ya dini ilikuwa mikononi mwao. Upande wa Langoni walikaa wageni, watu wa kazi, na watu waliokuwa watumwa au wazao wa watumwa. Habib Saleh alikuwa sharifu, yaani wa ukoo wa Mtume, na angeweza kuketi na wakubwa wa mji. Akachagua kuwasomesha wale ambao hawakuwa na wa kuwasomesha. Aliwatibu, aliwapokea, na kwa maulidi alikubali matari yapigwe, jambo ambalo baadhi ya wenye elimu walilipinga kwa ukali. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa Langoni mwanzoni mwa karne ya 20, ndio uliokuwa kitovu cha kazi hiyo, na baada yake wanawe wakaiendeleza. Wanafunzi wakaja kutoka visiwa vya jirani, mwambao mzima na bara, wakarudi makwao wakafungua madrasa.

Anakumbukwaje? Kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa kwa Mtume, Lamu hufurika wageni. Husomwa maulidi Riyadha, watu huzuru kaburi lake, hufanyika zefe, yaani maandamano ya kaswida na matari, kupita njia za mji. Wengi wanaokuja hawana udugu naye wa damu. Wanakuja kwa sababu babu yao alisoma Riyadha, au mwalimu wao alisomeshwa na aliyesoma Riyadha. Kumbukumbu yake imeshikwa na watu aliowasomesha, na kwa kuwa ni wengi na wametawanyika, haikuwezekana ife na kizazi kimoja.

Angalia pia kwamba ukitaka kueleza ukubwa wa mtu huyu huwezi kuacha kueleza alikaa na nani. Ukisema tu "alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyependa watu", umemfanya afanane na kila mtu. Ukisema aliwasomesha watu wa Langoni wakati wakubwa wa mji hawakutaka, msomaji amemwona.

Walezi huwa na wenzao

Jambo la pili ambalo kumbukumbu zetu hukosea: hubakiza jina moja. Chukua Starehe ya Nairobi. Novemba 1959, hali ya hatari nchini Kenya ikiwa bado haijaondolewa, kituo cha wavulana wasio na makao kilifunguliwa katika mabanda mawili ya mabati. Leo ni miongoni mwa shule zenye jina kubwa nchini, na ukiitaja, mtu hukujibu: Griffin. Ni haki kabisa kumtaja Geoffrey Griffin. Aliiongoza shule hiyo tangu siku ya kwanza hadi alipofariki Juni 2005, zaidi ya miaka 45, na vijana maelfu walipita mikononi mwake.

Ila waanzilishi walikuwa watatu. Wengine ni Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Kijana aliyeokotwa mtaani mwaka 1960 hakulelewa na mkurugenzi peke yake. Alilelewa na aliyemwamsha asubuhi, aliyempa shati, aliyemsikiliza kwa Kikikuyu au Kikamba usiku alipolia. Unapoandika wasifu wa mzee wako, uliza: alifanya kazi hii na nani? Mzee mwenye haki mwenyewe angetaka wenzake watajwe.

Kwa ufupi, hadi hapa:

- Karatasi za kabatini zitakupa ajira na tarehe. Malezi utayapata kwa waliolelewa.
- Andika mlezi alijifunza kwa nani na nani wamejifunza kwake.
- Eleza alikaa na watu gani, hasa wale ambao wengine hawakutaka kukaa nao.
- Taja wenzake.

Imani: andika alichofanya

Katika wasifu wa wazee wetu neno "mcha Mungu" halikosi. Silipingi. Nasema halitoshi, kwa sababu ucha Mungu wa mtu wa kweli una saa, una mahali, una mikono. Mzee mmoja ucha Mungu wake ni kwamba kwa miaka mingi alishika funguo za kanisa, akalifungua kabla ya jua, akapanga mabenchi, na mvua ikinyesha akaja kuangalia paa panapovuja. Mwingine ni kwamba baada ya alasiri, akiwa ametoka kazini na amechoka, alikaa ukumbini mwa nyumba yake na watoto wa mtaa, akawasomesha bila kudai ada, na mtoto asiye na juzuu akapewa ya kuazima. Mwingine alikuwa anatembelea wagonjwa kila Jumamosi, na hospitali nzima ikamzoea kwa chupa yake ya uji.

Uliza: dini yake ilimfanya aamke saa ngapi? Ilimfanya asamehe nani? Ilimgharimu nini? Jibu la swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Wapo walioacha kazi yenye mshahara kwa sababu waliambiwa watie saini jambo la uongo. Wapo waliokaa na msichana aliyepata mimba shuleni, wakati jumuiya nzima imemfungia mlango, wakamsomesha tena. Hayo yakisomwa hadharani, kijana aliyesimama nyuma huelewa dini ni nini bila kuhubiriwa.

Jihadhari na jambo moja. Imani ya mzee si mali ya mwandishi. Kama alikuwa Mlutheri aliyependa maneno machache, usimgeuze mlokole wa kupaza sauti. Kama alikuwa Mwislamu wa kimya asiyependa kutajwa sadaka zake, taja kwa kiasi, na mwulize aliyepokea kama anaridhika kutajwa.

Familia nayo ina lake

Hapa ndipo pagumu. Mzee wa watu wote alikuwa pia baba wa watu fulani, na wale watu fulani wakati mwingine walimgawana na mtaa mzima. Nimewasikia watoto wa walezi wengi wakisema neno hilohilo kwa namna tofauti: chakula kilikuwa kidogo kwa sababu mezani palikuwa na wageni, kitanda walilala wanne, ada yao ilichelewa kwa sababu ya mtoto wa jirani. Wengine wanasema kwa fahari, wengine bado wana kidonda.

Usikifiche kidonda hicho, wala usikifanye kesi ya kusomwa mbele ya jeneza. Msibani, sentensi moja ya kweli inatosha: "Tulimgawana baba na watu wengi, na haikuwa rahisi kila siku." Nimeona mjane akiinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo aliposikia maneno ya namna hiyo, kwa sababu mwishowe mtu alikuwa ametambua kwamba mchele ule aliupika yeye.

Na mjane huyo ndiye ninayetaka kumsemea kwa sauti zaidi. Wasifu wa wanawake wetu ni mfupi kwa kiasi kinachoniumiza. Mzee hupewa kurasa mbili, bibi hupewa aya mbili, na katika hizo neno linalobeba maisha yake yote ni "mama wa nyumbani". Nyumba hiyo ilikuwa na watoto wa kaka aliyefariki, mpwa aliyekuja kusoma, binti wa kijijini aliyekimbia kuozwa. Mwambao wote unajua cheo cha somo, mwanamke mzima anayemfunda msichana anapovunja ungo na kubaki mshauri wake maisha yote. Wapo mabibi waliokuwa somo wa mtaa mzima, na siku ya msiba wao hakuna anayethubutu kulitaja, kana kwamba kumfunza msichana kuwa mtu mzima si kazi.

Shaaban Robert alituonyesha njia. Alipotafuta maisha ya kuyaandikia wasifu, hakutafuta waziri wala sultani. Alimwandika Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, wa nyumba maskini ya wafinyanzi, aliyetembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji aliyesikika Afrika Mashariki nzima. Ikiwa mwandishi wetu mkubwa aliona maisha hayo yanastahili kitabu, bibi yako anastahili zaidi ya aya mbili.

Pa kuanzia ukiwa na siku mbili

Sasa nirudi kwa yule kijana aliye chini ya turubai. Muda ni mdogo, kwa hiyo fanya haya:

1. Muombe mwenyekiti wa kamati ya msiba atangaze kwamba yeyote aliyelelewa au kufundishwa na marehemu akuone. Watakuja.
2. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Watakujibu "alikuwa mtu wa watu". Uliza: "Ulimjua ukiwa na miaka mingapi? Siku ya kwanza alikuambia nini? Kitu gani unakifanya leo kwa sababu yake?"
3. Tafuta karatasi zisizo rasmi: daftari la kwaya, orodha ya timu, picha zilizoandikwa nyuma, kurasa za mwanzo za Biblia au msahafu ambako wazee wengi waliandika siku za kuzaliwa watoto.
4. Habari za ugonjwa zimalize kwa sentensi mbili. Miezi mitatu ya hospitali isile miaka 80 ya uhai.
5. Msomee mjane, au mtoto mkubwa, kabla haijachapwa.

Yale utakayoyapata na yasiyoenea kwenye karatasi, usiyatupe. Kuna siku ya arobaini, kuna kumaliza tanga, kuna misa ya kumbukumbu ya mwaka. Hiyo ndiyo nafasi ya kuwaita waliolelewa waseme wenyewe, na mtu mmoja awarekodi kwa simu.

Usingoje msiba

Njia iliyo bora ni kumwandika mzee angali hai, naye akisema. Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumuusia, na mpaka leo tunamjua mama huyo kwa sauti yake mwenyewe. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeanza maisha ya kazi kama mwalimu Zanzibar kabla ya kuwa Rais wa Tanzania, alikitoa kitabu cha maisha yake Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Alifariki Februari 2024. Aliyoyasema mwenyewe hakuna haja ya kuyakisia.

Mzee wako si lazima aandike kitabu. Kaa naye asubuhi, akiwa bado na nguvu, baada ya chai. Mwamkie kama inavyopasa, mwombe ruhusa ya kurekodi, na usimkatishe akirudia hadithi. Mara ya pili huongeza jina alilolisahau mara ya kwanza.

Na ukiwa na swali moja tu la kumuuliza, muulize walezi wake walikuwa nani. Wanafunzi wake utawapata hata baada ya mazishi, watakuja wenyewe. Lakini yule katekista aliyemfundisha kusoma, yule fundi aliyempa kazi ya kwanza, yule shangazi aliyemtoa kijijini, wengi wao walikwisha kufariki, na majina yao anayajua yeye peke yake. Nenda ukayaandike wiki hii.